Anna May Wong: Binti wa dobi aliyekuja kuwa mpelelezi

Kila aliyewahi kukaa gizani akaitazama picha ya upelelezi ya zamani anaijua kawaida yake. Mtu ameuawa katika jumba kubwa. Mvua inanyesha. Taa inazimika, mkono unachomoza nyuma ya pazia, na pazia likifunguliwa, aliyesimama pale ni Mchina mwenye kucha ndefu, au Mwarabu mwenye jambia, au Mhindi mwenye nyoka kikapuni. Hapo tena mpelelezi huja na kofia yake, akafikiri, akamnyooshea mtu kidole, na watazamaji wakaenda zao kulala wakijua ya kuwa ubaya una sura gani.

Wengi wetu wa mwambao tulikulia chuoni asubuhi na senema jioni, pale wazee walipotoa ruhusa na senti zikapatikana. Tuliwashangilia wapelelezi kama tulivyowashangilia wachezaji wa kandanda. Mimi niliyesoma chuo nikaishia kutunga mashairi na kuandika magazetini, nimezitazama nyingi za picha hizo, nyingine zikiwa zimechakaa katika kanda za video. Na kadiri umri unavyosonga, ndivyo jicho langu linavyomwacha mpelelezi likamfuata yule wa nyuma ya pazia. Ni nani huyu? Ni mwana wa nani? Na akivua lile joho la hariri, huenda kula wapi?

Mmoja katika watu hao wa nyuma ya pazia alikuwa mwanamke aitwaye Anna May Wong. Alifukuzwa na wapelelezi katika picha nyingi, akauawa katika nyingine, na ilimchukua zaidi ya miaka kumi na minane kupata zamu ya kuwafukuza waovu yeye mwenyewe. Maisha yake ndiyo hadithi yangu ya leo.

DOBI NA BINTIYE

Alizaliwa Los Angeles, katika jimbo la California, Marekani, tarehe 3 Januari 1905. Jina alilopewa na wazee wake ni Wong Liu Tsong, na kwa desturi ya Wachina hilo la kwanza, Wong, ndilo la ukoo. Babake, Wong Sam Sing, alikuwa dobi. Familia iliishi kwa kufua na kupiga pasi nguo za watu, na watoto walisaidia kupeleka mizigo kwa wenyewe.

Zama hizo Mchina katika Marekani alikuwa mtu wa kutiliwa shaka. Sheria ya 1882 ilikuwa imewafungia mlango vibarua wa Kichina wasiingie nchini, ikawazuia hata waliokwisha kuingia wasiweze kuwa raia. Sheria hiyo haikufutwa mpaka 1943. Binti huyu alikuwa raia kwa kuzaliwa, na babake pia alizaliwa California. Hata hivyo, katika miaka yote ya sheria hiyo, kila alipotaka kusafiri ng'ambo ilimbidi ajaze karatasi za serikali, ili arudipo asizuiwe mlangoni pa nchi aliyozaliwa.

Skulini watoto wenziwe walimchokoza kwa sababu ya sura yake, mpaka wazee wakamhamishia skuli ya misheni iliyokuwa na watoto wa Kichina. Mchana alisoma Kiingereza, na jioni alikwenda kwenye masomo ya Kichina, kama watoto wetu watokavyo skuli wakaingia chuoni. Lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Watengenezaji wa picha walikuwa wakija mtaa wa Wachina kupiga picha zao, na yeye alisimama pembeni akitazama, nao wakamzoea. Senti alizopata aliziishiza senema. Babake hakupendezwa hata kidogo. Kwake yeye, binti wa watu kujionyesha mbele ya macho ya umma ilikuwa aibu kwa ukoo mzima, na nadhani wazee wengi wa kwetu wangemwelewa dobi yule bila ya kuhitaji mkalimani.

Mwaka 1919, akiwa na miaka kumi na minne, alipata kuingia katika picha iitwayo The Red Lantern. Alikuwa mmoja tu katika kundi kubwa la watu waliobeba taa, wala uso wake haukupata kuonekana sawasawa. Miaka mitatu baadaye, 1922, alipewa nafasi ya mbele katika The Toll of the Sea, picha mojawapo ya mwanzo kabisa kupigwa kwa rangi. Alicheza msichana wa Kichina aliyependwa na Mmarekani, akaachwa, na mwisho akajitupa baharini. Alikuwa na miaka kumi na saba, na watu walistaajabu kwa namna alivyolia.

BAGHDADI YA CALIFORNIA

Mwaka 1924 jina lake lilienea dunia nzima kwa picha ya The Thief of Bagdad, yaani Mwizi wa Baghdadi. Hapa naomba tukae kidogo, kwa kuwa hadithi hii inatugusa sisi. Baghdadi tunayoijua katika vitabu ni mji wa Harun al-Rashid, mji wa madaktari, wanafalaki na mafakihi. Baghdadi ile ya senema ilijengwa kwa mbao na plasta huko California. Mwizi alikuwa Douglas Fairbanks, na yeye, na Khalifa, na binti wa Khalifa, wote walikuwa Wazungu waliovishwa vilemba na ushungi. Anna May Wong alipewa kucheza mjakazi wa nyumba ya binti mfalme, ambaye kwa siri ni jasusi wa adui, yaani mwana wa mfalme wa Wamongoli.

Basi tazama mpango ulivyo. Mwarabu mwema alichezwa na Mzungu. Mwovu wa mashariki alichezwa na mtu wa mashariki mwenyewe. Na mpango huo haukuwa wa picha moja. Ulikuwa desturi ya kazi.

Desturi hiyo ilishikwa na sheria pia. California ilikataza ndoa kati ya Mzungu na Mchina, na katazo hilo halikuvunjwa na mahakama kuu ya jimbo mpaka 1948. Watengenezaji wa picha nao walijiwekea kanuni za adabu katika miaka ya thelathini zilizokataza mapenzi ya weupe na weusi, na kwa matumizi yao zikawafikia Wachina na Wajapani. Sasa, stelingi wa picha huwa Mzungu, na stelingi lazima amuoe mtu kabla ya taa kuwashwa. Ikiwa Anna May haruhusiwi kuolewa naye, wala hata kubusiwa naye, hawezi kuwa mke wa stelingi. Imebaki nini? Imebaki awe mwovu, au afe, au vyote viwili. Ndiyo maana katika picha zake alikufa mara nyingi kupita kiasi, kwa kisu, kwa risasi, kwa maji na kwa mkono wake mwenyewe.

MCHINA KUTOKA SWEDENI

Sasa tuje kwa wapelelezi. Mwaka 1925 mwandishi Earl Derr Biggers alitoa riwaya ya mpelelezi wa Kichina wa Honolulu, aliyemwita Charlie Chan. Honolulu kwenyewe alikuwako askari kanzu wa Kichina wa kweli, Chang Apana, mtu mfupi aliyeogopwa na wahalifu kwa mjeledi wake. Charlie Chan wa vitabuni alikuwa mpole, mwenye akili na mwenye watoto wengi. Alikuwa kinyume cha Fu Manchu, yule Mchina wa riwaya nyingine aliyetaka kuitawala dunia kwa sumu na uchawi.

Katika picha za kwanza Charlie Chan alichezwa na Wajapani. Mmojawapo ni The Chinese Parrot ya 1927, na Anna May Wong alikuwamo humo. Lakini picha zilipoanza kusema, na watu wakaanza kumpenda Charlie Chan kwa dhati, nafasi ile alipewa Warner Oland, Mzungu mzaliwa wa Swedeni. Kuanzia 1931 hata alipofariki 1938 Oland alicheza Charlie Chan katika picha kumi na sita. Baada yake akaja Mzungu wa pili, na baada yake wa tatu. Na kabla ya hapo, Oland huyuhuyu ndiye aliyekuwa Fu Manchu. Mchina mbaya kuliko wote na Mchina mwema kuliko wote walikuwa mtu mmoja, naye si Mchina.

Anna May alikuwa amekwisha kuchoka. Mwaka 1928 alivuka bahari akaenda Ujerumani, ambako alipewa kuwa nyota ya picha badala ya pambo lake. Akaenda London akacheza Piccadilly ya 1929, ambamo watu walikuja kumwona yeye na kuwasahau waliotangulizwa majina. Alijifunza Kijerumani na Kifaransa, akasimama jukwaani London pamoja na Laurence Olivier, na 1930 picha yake moja ikapigwa kwa lugha tatu. Huko Ulaya binti wa dobi alikaribishwa na waandishi na wasanii wakubwa.

Aliporudi Marekani, walimpa nini? Walimpa Daughter of the Dragon ya 1931, yaani Binti wa Joka, ambamo yeye ni binti wa Fu Manchu aliyeapa kulipiza kisasi cha babake. Baba huyo alikuwa Warner Oland, mwaka uleule alioanza kuwa Charlie Chan. Mpelelezi alikuwa Mjapani, Sessue Hayakawa, jambo lililokuwa nadra, lakini naye hakupona mwisho wa hadithi. Yasemekana Anna May alilipwa dola 6,000, Hayakawa 10,000, na Oland 12,000, ingawa Oland alionekana kwa dakika chache kuliko wote wawili.

Aliikubali kazi ile kwa ahadi ya kupata picha iliyo bora, na ahadi ilitimia. Mwaka 1932 alicheza Shanghai Express pamoja na Marlene Dietrich, na hata leo watu hubishana nani kati yao ameibeba picha ile. Mwaka uliofuata aliingia katika picha ya Sherlock Holmes, A Study in Scarlet. Kumbe hata kwa Sherlock Holmes, kiti chake kilikuwa upande wa washukiwa!

Wako ndugu zangu wa barazani wanaoniambia kwamba kucheza ni kujifanya, na kwamba aliyejifanya Mchina hana kosa kuliko aliyejifanya mfalme. Hoja hiyo naiheshimu, na sina ugomvi na kujifanya. Ugomvi wangu ni kwamba mlango ulifunguka upande mmoja tu. Mtu wa Swedeni aliruhusiwa kuwa Mchina. Mhungari aliruhusiwa kuwa Mjapani. Lakini Mchina hakuruhusiwa kuwa mtu wa Swedeni, na ilipopatikana nafasi nzuri ya Mchina, hakuruhusiwa hata kuwa Mchina.

NAFASI ALIYONYIMWA

Hilo lilidhihirika katika The Good Earth. Kitabu chenyewe, cha Pearl Buck, kinahusu mkulima wa Kichina na mkewe mvumilivu, na kampuni ya MGM ilipotangaza kukifanya picha, wengi walidhani mke yule atakuwa Anna May Wong. Ilikuwa 1935, naye alikuwa Mchina mashuhuri kuliko wote katika senema za Marekani. Lakini mume alikuwa amekwisha kupewa Paul Muni, Mzungu, na Mzungu hawezi kuonyeshwa na mke wa Kichina, hata kama naye anajifanya Mchina. Nafasi alipewa Luise Rainer, mwigizaji wa Kijerumani, naye akashinda tuzo ya Oscar kwa hiyo. Anna May alitakiwa acheze suria, yule anayeivunja nyumba. Akakataa. Katika picha iliyojaa Wazungu waliopakwa rangi, yeye aliye Mchina wa damu ndiye pekee awe mbaya? Hilo lilimshinda.

Badala yake alipanda meli, mwaka 1936, akaenda kuiona China kwa mara ya kwanza maishani mwake. Babake alikuwa amekwisha kurudi kijijini kwao. Wako waliomshangilia, na wako waliomlaumu vikali kwamba amelitia aibu taifa kwa kucheza wajakazi na wauaji. Tena lugha ya watu wa kaskazini hakuijua, kwani kwao walisema Kichina cha kusini. Akawa kama wale vijana wetu waliozaliwa ughaibuni, ambao huko huitwa wageni na huku huitwa Wazungu.

Je, waliomlaumu walikuwa na haki? Nimelifikiri sana jambo hili. Uchungu wao naukubali, maana mtoto wa London au Chicago aliyeogopa Mchina baada ya kuzitazama picha zile aliogopeshwa kwa uso wa Anna May. Lakini hadithi zile hakuziandika yeye, na lau angekataa zote, uso ule usingalitoweka. Angepakwa rangi mwingine akauvaa. Alichoweza kufanya ni kuingia, na akiisha kuingia, kumtia yule mwovu utu na huzuni mpaka mtazamaji akamhurumia. Tena kuanzia hapo alichagua zaidi.

ZAMU YAKE

Mwishoni mwa 1937 kampuni ya Paramount ilitoa Daughter of Shanghai, yaani Binti wa Shanghai. Ni picha fupi, isiyofika dakika sabini, na haikutengewa fedha nyingi. Anna May ni binti wa mfanyabiashara wa Kichina anayeuawa na genge linaloingiza watu Marekani kwa magendo. Polisi hawafiki mbali. Basi bibi huyo anaondoka mwenyewe, anajibadilisha, anajipenyeza mpaka ndani ya genge, na anawafichua. Askari kanzu wa serikali anayeshirikiana naye alichezwa na Philip Ahn, mzaliwa wa Los Angeles mwenye asili ya Korea. Mwisho wa picha wawili hao wanapanga kuoana. Hakuna aliyejitupa baharini. Waovu wakubwa ni Wazungu wenye heshima zao mjini. Na miongoni mwao yumo mwanamke tajiri ambaye hakuna aliyemshuku.

Kwa mtazamaji wa leo mambo hayo ni ya kawaida. Kwa 1937 yalikuwa kama maji kupanda mlima. Mwaka 1938 alicheza When Were You Born, akiwa mnajimu anayewasaidia polisi kumpata muuaji, na 1939 akawa daktari mpasuaji katika King of Chinatown. Njia aliyoisaidia kufungua ilipitwa na wengine. Mwaka 1940 Keye Luke, aliyekuwa mwana wa Charlie Chan katika picha za Oland, alipewa kuwa mpelelezi mkuu katika Phantom of Chinatown, nafasi ambayo kabla yake ilikuwa ya Boris Karloff, Mwingereza.

Vita vilipoivamia China, Anna May aliuza nguo zake za fahari akatoa msaada, na ujira wa picha mbili alizocheza 1942 aliutoa kwa ajili ya wahanga wa China. Baada ya hapo kazi ikapungua. Umri ulikuwa umekwenda, na senema haina subira na mwanamke aliyevuka miaka arobaini.

Ndipo ikaja televisheni. Kuanzia Agosti hadi Novemba 1951 shirika la DuMont lilionyesha mchezo uitwao The Gallery of Madame Liu-Tsong. Shujaa wake ni bibi wa Kichina mwenye biashara ya sanaa na vitu vya kale, anayechunguza uhalifu katika miji mbalimbali ya dunia. Ulikuwa mchezo wa kwanza wa mfululizo katika televisheni ya Marekani kuongozwa na mtu wa asili ya Asia. Na jina la mpelelezi huyo, Liu-Tsong, ni jina ambalo dobi Wong Sam Sing alimpa bintiye mwaka 1905. Baada ya miaka thelathini na mbili ya kuitwa kwa majina ya majoka na wajakazi, aliingia majumbani mwa watu kwa jina lake la kuzaliwa, naye ndiye mwenye kuuliza maswali.

Inasikitisha kusema kwamba hakuna hata mkanda mmoja wa mchezo huo uliosalia. Wakubwa wa kampuni hawakuona haja ya kuutunza.

Mwaka 1960 nyota yenye jina lake iliwekwa katika njia ya mashuhuri wa Hollywood, na alikuwa akijiandaa kurudi katika picha kubwa ya Flower Drum Song. Haikuandikwa. Tarehe 3 Februari 1961 moyo wake ulisimama akiwa nyumbani Santa Monica, na umri wa miaka hamsini na sita. Hakuolewa, wala hakuacha mtoto. Alizikwa Los Angeles katika kaburi la mamake, na juu ya jiwe lile jina lake limeandikwa kwa herufi za Kichina, pembeni mwa jina la mamake.

Heshima zilikuja kwa kuchelewa, kama ilivyo ada yake. Mwaka 2006 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Daughter of Shanghai katika orodha ya picha za kuhifadhiwa daima. Mwaka 2022 sura yake ilichapwa juu ya sarafu ya senti 25 ya nchi hiyo, wa kwanza kupata jambo hilo kati ya Wamarekani wa asili ya Asia. Serikali iliyomjazisha karatasi ili arudi kwao sasa inaipitisha sura yake mikononi mwa watu wake wote.

Wasomaji wenye watoto wanaopenda picha za upelelezi nawausia jambo moja. Watafutieni ile ya 1937, mkae nao muitazame mpaka mwisho. Kisha waulizeni ni nani walimshuku tangu mwanzo, na kwa sababu gani.